Jibu: Usinunue EL84 kabla hujapima mguu wa 2

Mkuu, hiyo oda usiilipe! Unasema redio ya Philips ya babu inaanza vizuri, baada ya dakika 20 sauti inakwaruza na EL84, ile valvu ya kioo inayosukuma spika, inawaka nyekundu, sasa unauliza valvu ya kampuni gani inadumu. Hakuna. Hata ya dhahabu itaungua.

Mimi yalinikuta hayo hayo, na fundi wangu hata mita hakushika. Alichungulia nyuma ya redio, akatikisa kichwa kama daktari wa wodini: "Valvu imechoka, tia mpya." Nikaagiza mbili kutoka nje, laki na ishirini pamoja na usafiri. Ya kwanza ikadumu wiki. Nikasema feki hiyo, nikachomeka ya pili. Siku ya nne nimeunga simu kwenye tundu la gramafoni, taarabu inapigwa, mara bati la ndani ya kioo likawa jekundu kama kaa la jiko, nta ikanuka sebule nzima, kisha kimya. Transfoma ya spika nayo ikaondoka. Mke wangu akauliza kama hiyo redio inapika na wali. Yule fundi? "Valvu za siku hizi hovyo." Na hela yake alishakula!

Mchawi alikuwa kapasita moja ya karatasi, ya kahawia, nanofaradi 10, inayopeleka sauti kutoka valvu inayotangulia hadi gridi ya EL84, yaani mguu wa 2, unaoamua valvu ivute mkondo kiasi gani. Ikizeeka inavujisha umeme wa DC (kama wa betri) ambao ilitakiwa kuuzuia. Gridi ikipata volti chanya hata chache, valvu inavuta mkondo kuliko uwezo wake, na anodi ya EL84, lile bati la ndani, mwisho wake ni wati 12. Mpya ya elfu moja, poliesta ya volti 630, imemaliza kesi.

Kwa hiyo: mita kwenye DC, kati ya mguu wa 2 na chasisi (bati linaloshikilia vifaa vya redio), redio ikishapata moto. Inatakiwa iwe sifuri au chini yake. Ukiona chanya, badilisha kapasita kwanza, redio ikiwa imechomolewa na umesubiri chaji iishe. Wakati wa kupima mkono mmoja uwe mfukoni, humo ndani kuna volti 250 na zaidi, hazijui kama wewe ni mjukuu.

Kampuni sasa: mimi nimeweka 6P14P, ndiyo EL84 ya Kirusi, inaimba mpaka leo. Jina la kwenye kioo lisikutie wazimu, wino huo unafutwa na kupigwa upya.

Uliuliza na jicho la kijani (ile taa ya kuonyesha kama stesheni imeshika) kufifia, eti? Hilo baadaye. Lete namba ya mguu wa 2.