Je, asali husikika mdomoni?

SWALI: Jambo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa baa katika hoteli moja hapa Lubumbashi. Tumeletewa chupa ya wiski ya Uskoti, single malt, ambayo mwishoni iliwekwa katika pipa la Sauternes, ile divai tamu ya Ufaransa. Bosi akaniagiza niandike kikaratasi cha Kiswahili kwa wageni watakaokuja kuionja. Nikaandika: "Wiski iliyomalizika katika pipa la divai tamu. Ukiinywa utasikia asali." Mgeni mmoja wa kutoka Dar es Salaam akacheka mara mbili. Kwanza: "Kama imemalizika, mnauza nini?" Halafu: "Asali inalia vipi hata niisikie?" Nimekosea wapi?

JIBU: Mgeni wako kapata moja, kakosa moja. Nianze na aliyoikosa, maana hiyo ndiyo wanayotuchekea nayo kila siku.

Kusikia si kazi ya sikio peke yake. Huku twasema nasikia njala, nasikia baridi, nasikia usingizi, na hakuna anayegeuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Kibemba kina ukuumfwa, Kilingala kina koyoka, na vyote viwili hubeba sauti na njaa kwa kitenzi kimoja. Lakini asikudanganye mtu kwamba basi tumetafsiri tu lugha za nyumbani. Watu wa pwani nao husikia harufu, husikia maumivu, husikia raha. Na huyo huyo wa Dar, tumbo likimkaba, hushindwi kumsikia akisema "naona njaa". Muulize siku hiyo njaa aliiona ikiwa na rangi gani.

Sasa tazama jinsi kitenzi hicho kinavyokufaa wewe mwenye baa. Mama jikoni anataka kujua mchuzi umefikia wapi. Anachota kidogo kwa mwiko, anadondosha kiganjani, analamba, ananyamaza kidogo, kisha anasema chumvi bado. Ameonja mchuzi, amesikia chumvi. Kuonja ni tendo lake, amelikusudia. Kusikia ni kile kilichomjia ulimini, apende asipende. Kwa hiyo mgeni anaonja wiski na anasikia asali. Ungeandika "utaonja asali", ungekuwa umemwambia kwamba mna asali humo ndani, nayo haimo. Sheria ya Uskoti hairuhusu kitu chochote kuongezwa katika wiski ila maji na rangi ya sukari iliyounguzwa. Hiyo asali anayoisikia ni ubao wa pipa na divai iliyokuwa imejificha ndani ya ubao huo. Sentensi yako ya pili iache ilivyo.

Kwenye "iliyomalizika", kicheko ni cha haki. Unga ukimalizika, mtu anatumwa dukani. Najua lebo za Kiingereza na za Kifaransa ndizo zilizokuponza, maana zote husema habari ya kumaliza. Lakini kilichotokea pipani si kumalizika. Wiski hiyo ilishakomaa kwanza katika pipa lingine, mara nyingi lililowahi kuwa na wiski ya Marekani (sheria ya Uskoti inadai jumla ya miaka isiyopungua 3 pipani, na kwa kawaida huwa zaidi), ndipo ikahamishiwa kwenye pipa la divai ikakae miezi kadhaa, pengine mwaka au miwili, ili ishike ladha mpya. Kiswahili kina neno la jambo hilo, na kila siku liko jikoni kwako: kukolea. Chai imekolea, chumvi imekolea, rangi ya kitenge imekolea. Andika "iliyokolea katika pipa la Sauternes". Mimi binafsi sitamani lingine.

"Pipa" lenyewe libaki, ila liongezee mbao. Hapa mjini ukisema pipa tu, mtu anaona la chuma, la mafuta au la kuchemshia lutuku, pombe kali ya kienyeji. La wiski ni la mti wa mwaloni. Kuna wanaoandika "kasiki" kwa sababu linasikika la heshima. Kasiki ni mtungi mkubwa wa udongo.

"Divai tamu" ni kitendawili kidogo. Tamu kwetu ni yenye sukari na pia ni nzuri mdomoni. Nyama ya mbuzi ni tamu, na hakuna aliyeitia sukari. Atakayesoma "divai tamu" anaweza kudhani unaisifu tu. Ukikimbilia "divai ya sukari", wengine watafikiri unawaletea sukre, soda ya chupa. Afadhali ueleze kwa maneno machache: Sauternes hutoka katika zabibu zilizoachwa kwenye mzabibu hadi zikashikwa na kuvu, maji yakapungua, sukari ikabaki nzito. Hapo hakuna atakayeuliza utamu gani.

Bado single malt. Malt ni kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, lakini usiandike "kimea kimoja", nimeliona hilo mahali na likanikera. Umoja huo ni wa kiwanda. Wiski yote iliyomo chupani imetoka kiwanda kimoja, na imetengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake. Neno kimea, bibi zetu waliopika pombe walilijua kabla ya chupa hizo kufika hapa.

Kikaratasi chako, basi, kiwe hivi:

"Wiski ya Uskoti ya kimea cha shayiri, kutoka kiwanda kimoja. Imekomaa katika mapipa ya mwaloni, kisha ikakolea katika pipa la Sauternes, divai ya Ufaransa yenye utamu mzito wa zabibu zilizoshikwa na kuvu. Nusa kwanza. Onja kidogo, iache ulimini. Utasikia asali, ganda la chungwa, na mwishoni ubao."

Ganda la chungwa nimeliongeza mimi, kwa kuwa wiski za namna hiyo mara nyingi hunukia hivyo. Onja ya kwenu kabla ya kuchapa, na usipolisikia, lifute.