Ruta ya zamani: usiitupe

Kaka wa Mwanga, umeuliza kama ile ruta (kifaa cha kugawa mtandao) ya Linksys WRT54G uliyoachiwa na mpangaji hapo Kigoma uitupe. Tafadhali usiitupe! Igeuze, soma kibandiko cha chini. Ukiona toleo v1 hadi v4, au GL, ina Linux ndani, mfumo endeshi ambao yeyote anaruhusiwa kuubadilisha; wapenzi wa ruta hizi walianza kuitengenezea programu mbadala ya OpenWrt mwaka 2004. Ikiwa v5, flashi yake (kumbukumbu inayohifadhi programu) ni megabaiti 2 tu, itakusumbua. Intaneti usiipitishie, ulinzi wake umeshachakaa. Iunganishie kompyuta na printa za stesheneri yako, basi. Nyingi zinakula volti 12, kwa hiyo umeme ukikatika betri ya sola ya volti 12 itaibeba; ila v1 ya mwanzo kabisa inakula volti 5, hiyo usiiunganishe na betri moja kwa moja. Weka fyuzi, na hakikisha waya chanya unakaa katikati ya pini.