Redio inavuma nikichomeka adapta

SWALI: Fundi, redio yangu ya mawimbi mafupi nikiweka betri inashika poa kabisa, ila nikichomeka adapta ya volti 9 ni mvumo tu hadi stesheni sizisikii, redio imekufa?

JIBU: Redio yako nzima ndugu yangu, mbaya ni hiyo adapta. Hizi nyepesi zinakatakata umeme makumi elfu ya mara kwa sekunde na mkwaruzo wake unaingia redioni. Jiundie adapta ya kizamani ile nzito: transfoma ya volti 12, diodi 4 (zinapitisha umeme upande mmoja tu), kapasita ya maikrofaradi 2200 (inalainisha umeme) halafu 7809, kile kidude cha kudhibiti volti, inakupa volti 9 zilizotulia. Ila 7809 inachemka, volti za ziada zote inazigeuza joto, kwahiyo ifunge kwenye bati la alumini, na upande wa volti 230 usiuguse kabla hujachomoa.