Kijiko cha Uji Nacho ni Ibada

Mwanangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema Jumapili kanisani moyo wako unachangamka, lakini jioni ukimlisha uji yule bibi wa chumba cha pili, aliyepooza upande wa kulia, huhisi kitu ila uchovu, na hasira akikohoa na kukumwagia. Unauliza kama hiyo nayo ni ibada.

Ni ibada. Isome tena Mathayo 25, polepole. Wale wenye haki wanashangaa, wanauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa wakamlisha. Hawakumtambua walipokuwa wakimpa chakula, na bado alikuwa ni yeye. Basi uchovu wako hauharibu kitu, mwanangu. Haraka ndiyo huharibu, ndiyo maana nataka tuanze na hicho kikohozi.

Aliyepooza humeza kwa shida. Uji mwepesi hukimbia kooni kabla hajajiandaa, ukaingia njia ya hewa. Ukifika mapafuni huleta nimonia, na kwa mtu mzima kama yeye nimonia huua. Kwa hiyo uji uwe mzito kiasi, uteleze kijikoni pole pole. Kwa mtu mmoja, robo kikombe cha unga wa wimbi na kikombe kimoja na robo cha maji. Unga ukoroge kwanza kwa maji baridi, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka. Ukiutia mkavu utapata madonge, na donge moja tu linatosha kumkaba. Acha uchemke kwa moto mdogo dakika kumi na tano huku unakoroga. Uliobaki usiuweke hadi kesho. Kwa joto letu la Mombasa utachacha.

Kabla ya kijiko, mwamkie. "Shikamoo bibi," hata kama marahaba yake haitoki vizuri. Mkalishe wima, mito miwili mgongoni, kidevu kiiname kidogo. Wewe kaa, usimsimamie, maana ukisimama atainua uso na koo litafunguka vibaya. Kikombe nacho humfanya arudishe kichwa nyuma, kiache. Tumia kijiko cha chai, ujaze nusu, ukiingize upande wa kushoto wa mdomo, ule wenye nguvu. Kisha tazama koo. Lipande, lishuke. Hapo ndipo kijiko cha pili. Akikohoa, acha kulisha kabisa mpaka atulie. Sauti ikiwa kama ina maji ndani, chakula kimekwisha kwa leo. Mwishoni angalia shavu la kulia, uji hujificha huko bila yeye kujua, umfute kwa kitambaa safi chenye maji. Akae wima nusu saa kabla ya kulala.

Yale macho yako yanayongoja koo lake lishuke, mimi siyatofautishi na macho ya mtu aliyepiga magoti.

Bibi ni Mwislamu, nalijua hilo. Akisema Bismillahi, mngoje amalize. Sufuria yako ikiwa imepikiwa nguruwe, pikia yake. Usimtilie mahubiri ndani ya bakuli; Msamaria wa Luka 10 alimpaka yule majeruhi mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, wala hatusomi kwamba alimuuliza anaabudu wapi. Na wanawe wakirudisha bakuli lina kaimati, pokea kwa furaha. Kupokea nako ni wema, watu wengi wa kanisa hili hatujui.

Kila siku ukitoka Kisauni unapita Kengeleni. Ile kengele ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na ilipigwa kuwaonya watu wa kijiji wakati wa hatari. Naipenda kwa sababu hiyo: kuwalinda watu wasikamatwe tena nako ni ibada.

Mengine madogo. Mama fua mlipe siku ile ile kabla jua halijatua, Kumbukumbu la Torati 24 imeagiza hivyo, kwa kuwa anakwenda kununua unga jioni hiyo. Ukimtumia mtu pesa kwa simu, ongeza ya kutolea. Na bibi usimpige picha, wala usiweke kitu chochote chake kwenye status. Mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia.

Hayo ya kumeza mwonyeshe nesi wa zahanati wiki hii, amtazame bibi akila. Akipata homa au akaanza kuhema haraka, usisubiri kuniandikia. Waambie wanawe wampeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ufuatane nao.

Mama yako