Kabla hujakopa mashine, jifunze maji

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mikindani alinitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Nimeachiwa dau na marehemu babu, nataka kuingia kwenye kubeba mizigo. Kuna mtu ananikopesha mashine ya boti, nalipa kila mwezi kidogo kidogo. Nichukue?" Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi kwamba usichukue, ukanirudishia dole gumba, na dole gumba la vijana nalijua: maana yake mtu mzima huyu kashiba, hajui shida zetu. Sasa nakujibu kwa kirefu. Na kwa vile najua mpo wengi mnaolala mnaota chombo, someni wote.

Mimi nabeba chumvi hapa Lindi. Mashamba ninayochukulia mzigo yako ng'ambo ya mji, nyuma ya mikoko, upande ambao lori likitaka kufika linazunguka hadi dereva anaanza kukudai posho njiani. Shamba la chumvi lina mfereji uliochimbwa kwa majembe kukata mikoko, na mfereji huo ndio unaoingiza maji ya bahari wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa. Wanafungua mlango wa mbao, majaruba yanajaa, wanafunga, jua linafanya kazi yake. Watu wa shamba wanauona kama njia ya maji tu. Kwangu ndiyo barabara, na barabara hii inatembea yenyewe mara nne kwa siku: inaingia mara mbili, inatoka mara mbili.

Zamani sikuiona hivyo, maana nilianza na mashine. Tulichanga na mwenzangu nusu kwa nusu, tukaifunga kwenye mashua, tukawa watu. Siku moja akasema inakohoa, anaipeleka kwa fundi Mtwara. Mpaka leo iko kwa fundi. Mwanzoni nilipompigia alisema spea inasubiriwa kutoka Dar. Baadaye simu ikawa inaita mpaka inakatika yenyewe. Sasa nasikia mashine hiyo inavua huko kusini, na bado sijaenda polisi kwa sababu mke wake ni binti wa mjomba wangu na kwenye misiba tunakaa jamvi moja. Namuona anakula pilau kwa raha zake. Mambo haya hayaandikwi kwenye vitabu vya ujasiriamali.

Nikabaki na chombo, tanga lenye viraka, pondo na kafi mbili. Mnunuzi mmoja wa jumla akaniambia mbele ya watu, "Wewe unasubiri maji, mimi nasubiri mzigo. Hatuwezi kufanya biashara." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao ili yaishe. Usiku sikulala.

Aliyenishika mkono ni mzee mmoja jirani, nahodha wa mashua wa enzi hizo, ambaye siku hizi macho hayamsaidii. Nilimweleza shida yangu mwanzo mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: "Leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kwenye simu. Akanyamaza mpaka nikaelewa kwamba anauliza mwezi wa angani.

Sikiliza basi, mdogo wangu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta bahari kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvu: maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani yetu hii tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa siku hizo hupita mita 3. Wiki moja baadaye mwezi unakuwa nusu, vinavuta kila kimoja upande wake, yanakuja maji mafu, ambayo hayapandi wala hayashuki kwa maana. Sasa shika saa. Kwetu huku, siku za bamvu maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Ndiyo maana kina mama wa pweza unawaona wanateremka miambani asubuhi ya saa 3 siku za mwezi mkubwa. Hawahitaji kumuuliza mtu. Na kila siku inayopita maji huchelewa kama dakika 50.

Ukishajua hilo, ratiba ya mzigo inajipanga yenyewe. Nalala shambani, napakia usiku kwa tochi maji yakipanda. Saa 10 alfajiri mfereji umefura. Hapo hapo, maji yakiwa yamesimama, nautoa mzigo kwa pondo hadi mdomo wa mfereji, kwenye mto wa mikokoni, kwa sababu mfereji ndio unaokauka kwanza, na atakayengoja mkondo humo ndani atakalishwa topeni na gunia zake mpaka jioni. Nikishatoka, nangoja. Maji yakigeuka, nayaacha yanichukue. Saa 2 au saa 3 niko Lindi mjini, makuli wananipokea. Nikinywa chai, nikimaliza hesabu, maji yanaanza kupanda tena, yananirudisha na unga, sukari, madumu ya maji ya kunywa na magunia matupu ya watu wa shamba. Petroli ya safari nzima ni sifuri.

Mkondo haukimbii sawasawa. Wazee wanagawa kina chote, cha kutoka kujaa hadi kupwa, mafungu 12 ndani ya saa sita: saa ya kwanza yanashuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo saa mbili za katikati zinabeba nusu ya maji yote, na hapo ndipo utakapokwenda kama umefungwa kwenye gari. Na huko ndani mikokoni maji yanayotoka huwa makali kuliko yanayoingia, hasa pale yanapoanza kuacha mizizi na kurudi yote kwenye mto mwembamba. Hesabu hiyo ijue kabla hujafungua kamba.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wenye mashine wengi hawalijui. Ukielea na mkondo, usukani haufanyi kazi. Upindishe kulia, upindishe kushoto, chombo kinakutazama tu. Sababu yake ni nyepesi: usukani unageuza chombo kwa maji yanayoupita, na wewe unakwenda kwa mwendo uleule wa maji, kwa hiyo hakuna yanayoupita. Lazima uende haraka kuliko maji, kwa kafi au tanga, ama uende polepole kuliko maji. Kwa gunia zile, kafi mbili ni mzaha. Alfajiri nayo mara nyingi ni shwari, tanga linaning'inia.

Mzee akanifundisha kwenda polepole. Unachukua jiwe zito, umelifunga kamba vizuri, unalishusha kwenye gubeti, pale mbele kabisa, omo, yaani mbele ya chombo, ikiangalia kule maji yanakotoka. Jiwe linagusa chini lakini halishiki, linaburuzwa. Chombo kinashuka kinyumenyume, polepole kuliko mkondo, na maji yanayokipita yanaufufua usukani. Ukielekeza omo kidogo kushoto, mkondo unakisukuma chote kushoto, hadi katikati ya mto, hadi ukingo wa pili ukitaka. Ukiongeza kamba, jiwe linalala vizuri na mwendo unapungua. Ukivuta kamba, mwendo unaongezeka. Nanga yenye makucha haifai kwa kazi hii, maana itanasa kwenye mzizi na chombo kitasimama ghafla mkondo ukiwa mkali. Jiwe la mviringo, lenye mtaro wa kupitishia kamba, ndilo mpango. Langu nalipenda kuliko simu.

Kamba usiifunge ukaiacha. Ishike. Juu ya tope inakuja laini, inateleza mkononi kama haina kitu. Ukipita kwenye mchanga inaanza kutetemeka, mtetemo mdogo wa harakaharaka unaopanda mpaka kwenye kiwiko, na hapo ujue fungu la mchanga liko karibu na kina kinapungua. Kukiwa na giza, mkono wako ndio macho. Yule mzee asiyeona alikaa omoni, kamba vidoleni, akawa ananitajia kona za mto kabla sijaziona mimi mwenye macho mawili. "Sogea nje, hapa ndani kuna mchanga." Kweli. Kwenye kona, maji ya upande wa nje yana kina na kasi, ya ndani yana mchanga na uvivu. Ukishuka na mzigo, pita nje, lakini usiikumbatie mikoko, maana ndiko kunakokaa miti iliyoanguka. Ukilazimika kupanda maji yakiwa yanatoka, jibanze kwa ndani, kwenye uvivu.

Na ukiwa kwenye mfereji wenyewe, usiwe na pupa. Chombo kipana ndani ya mfereji mwembamba kinayabana maji yapite pembeni, na ukikisukuma kwa kasi tezi, yaani nyuma ya chombo, inavutwa na ukingo, unajikuta umekaa mshazari umeziba njia. Pia usikae karibu na mlango wa shamba wakati unafunguliwa. Nimeona mtumbwi wa mtu ukimezwa hapo.

Mkidhani haya ni mambo ya ushamba wa kusini, tazameni wenzetu. Uingereza kuna mfereji wa Llangollen, unaochota maji mto Dee pale Horseshoe Falls na kuyapeleka hadi bwawa la Hurleston, watu wanakunywa. Njiani unavuka bonde juu ya daraja la Pontcysyllte, lililofunguliwa 1805, boti zinapita angani. Kwa kuwa maji yanatembea, boti inayopanda kwenda Llangollen inahangaika, hasa panapobana, na inayorudi inateremka kwa raha. Na London, kwenye mto Thames, tangu 1975 kuna mashindano ya kila mwaka ya kupeleka matishari ya tani karibu 30 kwa makasia, kutoka Greenwich hadi Westminster. Hakuna mwanadamu wa kupiga kasia tani 30. Wanapanda na maji yanayojaa, makasia yanasaidia kuelekeza na kusogeza kidogo. Wazungu hao wana mashine za kila aina na bado wanashindania heshima ya kuyajua maji. Sisi tunayo bure mlangoni, tunakimbilia mkopo.

Ndiyo, nimefika kwenye mkopo, na hapa nitasema hata kama mtanuna. Vijana wetu mnauawa na kausha damu, mikopo hii ya riba kali. Mtu hajui leo mwezi ngapi, amechukua mashine ya mkopo, marejesho kila wiki, petroli juu, na ikifika maji mafu mfereji hauingiliki, mzigo hakuna, lakini mwenye mkopo hana habari ya maji mafu. Mimi wiki hiyo nakalafati chombo changu, nashona tanga, nalala nyumbani na wanangu. Hakuna anayenigongea mlango. Subira mnaiona uzembe. Wewe kijana jifunze kusubiri, jifunze kwa wazee wakiwa bado hai, acha kuona aibu kwa sababu mtu amekucheka sokoni. Jifunze maji. Yule mnunuzi aliyefanya watu wanicheke, sasa hivi ndiye ananipigia simu yeye mwenyewe kuuliza maji yanajaa saa ngapi, na bei namtajia nikiwa nimekaa. Sijasahau, na sitaki kusahau.

Vaa jaketi okozi, usiku na mchana. Miezi ya kusi, usivuke ghuba mchana na chombo kilichojaa hadi ukingoni, hata maji yawe mazuri vipi, kwa sababu upepo ukigombana na mkondo mawimbi yanasimama wima. Na kila siku panda au shuka mapema ndani ya maji, usiachie hadi saa ya mwisho. Anayekwama maji yakipanda atainuliwa. Anayekwama maji yakishuka atasubiri, na akikwama kwenye kilele cha bamvu anaweza kusubiri bamvu lingine.

Mashine yenyewe sijaikataa, mdogo wangu. Ukishaweza kushusha mzigo kwenye maji ya mwezi kumi na tano bila kugusa mzizi hata mmoja, niandikie tena tuongee bei. Kuna mtu pale Shangani, Mtwara, nasikia anauza moja ya farasi 15 iliyotumika kidogo. Ila muulize kwanza aliipata wapi, na akitaja fundi, nipigie.