Kabla ya jembe, jina lako

Juzi dada mmoja wa Arusha ameniandikia: "Dada, mimi na wenzangu wawili tumechoka kupangiwa maisha. Tunataka kwenda kijijini tulime, tufuge, tujitegemee. Tuanzie wapi?" Ujumbe wake nimeurudia mara tatu. Ndiyo maneno niliyosema mimi nilipoacha kazi Dar kwenda Muheza.

Jembe lisikutishe, linafundishika. Bibi jirani alinionyesha kupanda mapingili ya muhogo kwa siku moja. Mimi niliumizwa na karatasi. Eka mbili za kwanza nilizilipia kwa akiba yangu yote, lakini nikamwachia baba mdogo aandikishe, eti mbele ya wauzaji mwanamume husikilizwa zaidi. Nikafyeka, nikapanda migomba, nikachimba choo. Migomba ilipoanza kuzaa akaniambia shamba ni la ukoo. Niliondoka na majembe mawili na kuku wangu. Hadi leo nikipita njia ile sigeuzi shingo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Nilikuwa naijua. Nilishaifundisha kwenye semina za ufeministi, nikaona haya kuitaja mbele ya wazee wangu mwenyewe.

Mara ya pili nilikwenda mimi mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Nikaulizwa mume yuko wapi. Nikajibu mwombaji ni mimi. Mwezi uliopita nimekabidhiwa hati ya haki miliki ya kimila, jina langu peke yangu, nikalia palepale ofisini.

Kwa hiyo dada zangu, andikisheni majina yote matatu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake: jueni nyumba zao kabla ugomvi haujafika. Kuku wachanjeni dhidi ya kideri, ugonjwa unaowaua kwa wingi, kila miezi mitatu, tone moja la chanjo jichoni. Mimi nilichelewa, nikazika kuku thelathini kwa wiki moja. Kingeni maji ya mvua: milimita 20 zikinyesha juu ya bati la mita za mraba 40 ni lita 800, siku kadhaa bila kwenda kisimani. Na majina, narudia, majina. Hatuwezi kuhubiri uhuru mjini kisha tukalime kwa hisani ya kaka zetu.

Masika inaanza Machi. Nendeni kwa mtendaji sasa, na mkizungushwa niambieni, nitapanda basi nije tukae naye pamoja.