Kabla ya dawa, ziba paa

Chini ya boriti za nyumba yetu ya zamani naona unga. Nipake oili chafu? (Mkunazini, Zanzibar)

Swali hili linarudi kila masika, na hakuna anayeniambia kama paa lake linavuja. Usipake. Oili chafu haifiki kwenye kiini cha boriti, inalisha moto, na ikioshwa na maji inaelekea kisimani. Mjue kwanza mdudu. Unga laini ni wa bungua. Chembe ngumu kama mchanga ni za mchwa wa mbao kavu. Vijia vya udongo vikipanda ukutani, huyo ni mchwa wa ardhini. Kisha choma kwa bisibisi kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani. Ikizama, kuvu imeshakula, na kuvu haiishi bila maji: mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ziba paa, zibua mifereji, ndipo umwite mtu wa dawa.

Fundi kabandua lipu ya chokaa akapiga saruji. Mbona ukuta unatoa jasho? (Lamu)

Ukuta wa matumbawe hukauka kupitia chokaa. Saruji imeufungia unyevu ndani, na vichwa vya boriti vimo humo humo. Bandua, rudisha chokaa. Mji wenu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001 na mafundi wa chokaa mnao. Mnawapita kwa haraka tu.

Vipande vya mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani, vinafaa kupikia? (Tanga)

Hapana. Mara nyingi dawa hiyo ina aseniki. Moshi na majivu yake ni sumu.

Boriti imevunjika. Nikate mikoko iliyo nyuma ya shamba letu? (Bagamoyo)

Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, hata ikiota mlangoni pako. Nunua kwa mwenye kibali. Ila kagua kwanza: iliyooza kichwa tu, seremala hodari hukata pabovu akaunga. Mkoko na mkandaa ndiyo malezi ya kamba na samaki wadogo, na huko Jozani, msitu wa Unguja, kima punju huingia mikokoni kula majani. Kenya ilipiga marufuku kuuza nje boriti za mikoko mwaka 1982, baada ya majahazi kuzibeba karne nyingi hadi Ghuba. Sasa mikoko tunaimaliza wenyewe, kwa mapaa yanayovuja.

Popo wamejaa darini. Nipulize sumu? (Pangani)

Usiwaue, wengi wao hula wadudu. Hakikisha hakuna watoto wa popo wanaonyonya, ngoja watoke magharibi, uzibe matundu. Kinyesi kilowanishe na uvae barakoa kabla ya kufagia.